Kupigwa kwa Wake: Je, ni Asili, ni Mila, au ni Mazingira ya Jamii?

Somo kutoka wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara

Katika sehemu nyingi za Tanzania husikika mzaha usemao kwamba mwanamke wa Kikurya asipopigwa na mumewe huona kuwa hapendwi. Mzaha huo husimuliwa katika mabasi, katika mabweni ya shule na hata maofisini, na aghalabu msimulizi mwenyewe hajapata kukanyaga Tarime wala Serengeti. Wasikilizaji hucheka, na mambo huishia hapo. Lakini kwa mwanafunzi wa sayansi, kauli inayorudiwa na watu wengi si ushahidi. Ni dhana tu inayongojea kupimwa. Na kwa mwanamke anayelala na majeraha huko Nyamwaga au Mugumu, na kwa kijana wa wilaya hizo anayeitwa mkali kabla hajafungua kinywa, jambo hili halichekeshi hata kidogo.

Ukiuchambua mzaha huo utaona kwamba umebeba madai matatu. Dai la kwanza ni kwamba wanaume wa kabila hilo wana ukali wa asili ambao wanaume wengine hawana. Dai la pili ni kwamba chanzo cha kupiga ni mila. Dai la tatu ni kwamba wanawake wenyewe wanaridhika. Makala haya yatayachukua madai hayo moja baada ya jingine na kuyapima kwa yale ambayo sayansi ya jamii imekwisha kuyagundua.

Maana ya maneno na namna ya kupima

Kwanza hapana budi kueleza kinachozungumzwa. Ukatili wa mwenzi ni tendo lolote la kumuumiza, kumlazimisha, kumtisha au kumdhalilisha mtu, linalofanywa na mume, mke, mchumba au mpenzi wake, wa sasa au wa zamani. Wataalamu huugawa katika mafungu: ukatili wa mwili, kama vile kupiga kofi, ngumi au teke, kukaba na kuchoma, ukatili wa kujamiiana kwa nguvu, na ukatili wa moyo, kama matusi na vitisho. Wengine huongeza fungu la uchumi, yaani kumnyima mwenzi matumizi au kumnyang'anya pato lake. Wapo pia wanaume wanaopigwa na wake zao, nao wastahili kusikilizwa. Lakini uchunguzi wa sehemu nyingi waonyesha kwamba majeraha makubwa na vifo huwapata wanawake zaidi.

Je, jambo linalotendeka ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, hupimwaje? Kuhesabu kesi zilizofika polisi hakutoshi, kwa sababu wengi hawaendi huko. Kuuliza kwa jumla, "Je, umepata kuonewa na mumeo?" hakutoshi vilevile, kwa sababu kila mtu ana maana yake ya kuonewa, yupo anayeona kofi moja kuwa si kitu. Mwaka 1979 mtaalamu wa elimujamii wa Marekani, Murray Straus, alieleza njia ya kuuliza juu ya vitendo vyenyewe, kimoja kimoja: amekusukuma? amekupiga kofi? amekupiga teke? amekutisha kwa silaha? Njia hiyo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndiyo msingi wa dodoso zinazotumiwa leo katika nchi nyingi.

Kadhalika zipo kanuni za usalama. Katika kila nyumba huchaguliwa mwanamke mmoja tu kwa maswali haya, naye huulizwa faraghani, mahali ambapo mume, mkwe wala mtoto mkubwa hawezi kusikia. Mtu akitokea, mwulizaji hubadili mazungumzo. Mwanafunzi aone hapa kwamba uaminifu wa kipimo na usalama wa mpimwaji ni mambo yanayokwenda pamoja: mwenye hofu hasemi kweli.

Dai la kwanza: ukali wa asili

Kati ya mwaka 2000 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifanya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi kumi. Tanzania ilikuwa mojawapo, na kazi hapa nchini ilifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Kati ya wanawake waliopata kuwa na mwenzi, asilimia 41 katika Dar es Salaam na asilimia 56 katika Mbeya walisema wamewahi kutendewa ukatili wa mwili au wa kujamiiana na mwenzi wao. Katika nchi zote zilizochunguzwa, kiwango cha chini kabisa kilikuwa asilimia 15 katika mji mmoja wa Japani, na cha juu kabisa kilikuwa asilimia 71 katika jimbo moja la Ethiopia. Hakuna hata mahali pamoja ambapo jibu lilikuwa sifuri.

Serikali nayo hukusanya takwimu hizi katika uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya. Mwaka 2010, asilimia 39 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamepata kupigwa tangu walipofikia umri wa miaka 15. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ilikuwa asilimia 40, na katika ule wa mwaka 2022 ilikuwa asilimia 27.

Mkoa wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya juu katika uchunguzi wa mwaka 2010 na ule uliofuata. Jambo hili halifai kufichwa kwa ajili ya kulinda heshima ya mtu yeyote. Lakini msomaji azingatie mambo mawili. Kwanza, takwimu ya mkoa si takwimu ya kabila. Mara ni mkoa wa Wakurya, na pia wa Wajaluo, Wajita, Wazanaki, Wangoreme, Waikizu, Waikoma, Wasukuma na wengineo wengi. Pili, katika uchunguzi wa mwaka 2010 mkoa uliotangulia wote kwa wanawake waliopata kupigwa ulikuwa Dodoma, ambako kabila kubwa ni Wagogo, na hakuna mzaha maarufu wa taifa unaowasema Wagogo kwa jambo hilo. Sifa mbaya, basi, haifuati takwimu, hufuata masimulizi.

Tena ipo hoja ya mantiki ambayo kila mwanafunzi yafaa aikariri. Jambo lisilobadilika haliwezi kueleza jambo linalobadilika. Ndani ya kijiji kimoja cha Tarime wapo wanaume wa ukoo mmoja, wa lugha moja, waliotahiriwa katika msimu mmoja; mmoja hupiga, na jirani yake hajapata kuinua mkono maishani. Kama kabila lingekuwa ndilo chanzo, wote wawili wangekuwa sawa. Kwa kuwa hawako sawa, hapana budi kutafuta kitu kingine kinachowatofautisha.

Dai la pili: mila

Watu wengi, wakikubali kwamba si damu, husema, "Basi ni mila." Neno hili hutumika kama kifuniko cha chungu: likiwekwa, hakuna anayetazama ndani. Lakini mila ni mkusanyiko wa taratibu nyingi, na kila utaratibu una kazi yake. Afadhali kuuliza: ni utaratibu gani hasa, na unafanyaje kazi?

Tuanze na ng'ombe. Wakurya ni wakulima na wafugaji, na ndoa yao hukamilishwa kwa mahari ya ng'ombe. Katika mji wa mume mwenye wake wengi, kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina hesabu yake ya mali. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya binti wa nyumba fulani hutumika kumwolea kijana wa nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo ndoa ya dada na ndoa ya kaka zimefungwa kwa kamba moja. Mtaalamu wa Sweden, Eva Tobisson, aliyechapisha mwaka 1986 kitabu juu ya mabadiliko ya familia za Wakurya wa kaskazini mwa Tanzania, ni mmoja wa waliouchunguza kwa kina mfumo huu wa familia.

Fikiria mfano wa kubuni. Mzee ana binti mmoja na kijana mmoja. Binti anaolewa kwa ng'ombe 12. Ng'ombe haohao wanatolewa ili kijana aoe. Miaka mitatu baadaye binti anarudi kwa babaye usiku, uso umevimba. Kwa desturi, ndoa ikivunjika, ng'ombe hudaiwa. Lakini ng'ombe hawamo zizini. Wamekwisha kwenda kwa wakwe wa kijana. Mzee akiwarudisha, ndoa ya mwanawe yaweza kuvunjika pia. Zaidi ya hayo, watoto aliozaa binti huhesabiwa kuwa wa ukoo wa mume, kwa sababu mahari ililipwa. Akiondoka, aweza kuwapoteza. Mzee anampenda mwanawe, tena anaumia. Hata hivyo anasema, "Mwanangu, rudi ukavumilie."

Mfano huu waonyesha jambo kubwa. Mahari haimwamrishi mume apige. Lakini pale inapokuwa kubwa, na pale inapokuwa imekwisha kutumika, humfungia mke mlango wa kutokea, na mume hujua kwamba mlango umefungwa. Zamani huohuo ujamaa wa wakwe ulikuwa pia kinga: mke aliyeonewa alikimbilia kwao, na mume alilazimika kwenda kumfuata na kujieleza mbele ya wazee. Chombo kimoja, kwa hiyo, chaweza kuwa ngao au pingu, kwa kadiri ya mazingira yake. Na kwa kuwa mahari hutolewa na makabila mengi ya Afrika Mashariki yenye viwango mbalimbali vya ukatili, ni wazi kwamba peke yake haitoshi kuwa chanzo.

Tutazame pia uanaume. Kijana wa Kikurya wa zamani alipata heshima kwa kulinda mifugo na kuteka ya maadui. Mpaka uliowekwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwagawa Wakurya sehemu mbili, zile ambazo leo ni Kenya na Tanzania. Ukoloni ulileta kodi, soko la nyama na ajira ya askari, na wanaume wengi wa Kikurya waliingia katika jeshi la Keya. Wizi wa ng'ombe uligeuka pole pole kuwa biashara ya fedha taslimu inayovuka mpaka. Mtaalamu Michael Fleisher, aliyefanya uchunguzi wilayani Tarime katika miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu chake mwaka 2000, alieleza mageuzi hayo, na akaonyesha kwamba kijana aliyetoka katika nyumba yenye dada wachache alikuwa na msukumo mkubwa zaidi wa kuingia katika wizi huo, kwa kuwa hakuwa na ng'ombe wa mahari wa kutegemea.

Kwa upande wa Serengeti, kutangazwa kwa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na kuwekwa upya kwa mipaka yake mwaka 1959 kulizibana jamii za pembezoni katika malisho na uwindaji. Katika Nyamongo, wilayani Tarime, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2002, ukabadili matumizi ya ardhi na kuleta fedha isiyogawanyika sawa. Katika mageuzi yote haya jambo moja halikupungua: mwanamume aliendelea kutarajiwa kuwa mwenye mali, mwenye amri na asiyeshindwa. Njia za kuyatimiza matarajio hayo ndizo zilizopungua. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba lazima atawale, na ambaye nje ya nyumba hana anachokitawala, aweza kuitafuta enzi yake kwa mtu aliye dhaifu kuliko yeye. Maelezo haya si udhuru. Maelfu ya wanaume maskini hawapigi, na matajiri wengi hupiga.

Duara nne

Je, mambo yote haya yanaunganishwaje? Mwaka 1979 mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner alieleza kwamba makuzi ya mtoto hayawezi kueleweka bila kuyatazama mazingira yanayomzunguka tabaka kwa tabaka, toka nyumbani hadi taifa zima. Mwaka 1998 mtafiti Lori Heise alilitumia wazo hilo kwa ukatili wa wenzi. Mwalimu aweza kulichora ubaoni kama duara nne, moja ndani ya nyingine.

Duara la ndani ni mtu mwenyewe: alivyokuzwa, kama alimwona mama yake akipigwa, na kiasi anachokunywa pombe. Duara la pili ni uhusiano wa wenzi: nani anaamua juu ya fedha, tofauti ya umri, ugomvi wa wake wenza. Duara la tatu ni jumuiya: kama majirani huingilia au hukaa kimya, kama kuna kazi, kama vijana wenzake humsifu au humkemea. Duara la nne ni jamii kubwa: sheria, haki ya ardhi, taratibu za mahari, na mawazo juu ya mume na mke.

Hakuna duara moja linalotosha. Mavuno ya mahindi hutegemea mbegu, mvua, udongo na palizi kwa pamoja, na mkulima mwenye akili hasemi kwamba mvua peke yake ndiyo iliyomnyima chakula. Chukua pombe. Katika uchunguzi wa nchi nyingi, unywaji wa kupita kiasi huambatana na ukatili. Lakini mlevi anayempiga mkewe nyumbani, mara nyingi ni yuleyule ambaye njiani alimpita askari au mkubwa wake wa kazi bila kumgusa. Kwa hiyo pombe hulegeza breki. Haichagui nani wa kupigwa. Anayechagua ni yule mtu mwenyewe, akiongozwa na alichofundishwa juu ya nani anaruhusiwa kupigwa.

Mfano wa mbali: wanaume Walatino wa Marekani

Wakurya si watu wa kwanza kubandikwa sifa ya namna hii. Nchini Marekani wahamiaji wenye asili ya Mexico, Puerto Rico na nchi nyingine za Amerika zinazosema Kihispania, waitwao Walatino, kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa wapigaji wa wake kwa sababu ya utamaduni wao. Walikuwa na hata neno lao la kushutumiwa, machismo, yaani majivuno ya uanaume.

Takwimu za taifa za mwaka 1985 kwa kweli zilionyesha kiwango cha juu katika familia hizo. Lakini Murray Straus na Christine Smith walipolinganisha watu wa umri sawa, pato sawa na makazi ya namna moja, tofauti kati ya Walatino na Wazungu ilififia. Yaani sehemu kubwa ya kilichoitwa utamaduni kilikuwa ujana, umaskini na maisha ya mijini. Uchunguzi mwingine wa Los Angeles, uliochapishwa mwaka 1991, ulikuta kwamba watu wenye asili ya Mexico waliozaliwa Marekani walieleza ukatili zaidi kuliko wale waliozaliwa Mexico. Kama utamaduni wa kale ungekuwa ndio chanzo, matokeo yangetazamiwa kuwa kinyume.

Isitoshe, waliochunguza neno machismo kwa makini waligundua kwamba ndani yake mna sura mbili: ubabe, na pia wajibu wa kuitunza na kuiheshimu familia. Katika Tarime na Serengeti ni hivyohivyo. Mwanamume anayesifiwa na wazee ni yule ambaye mji wake umetulia, watoto wanashiba na wakwe wanamtembelea. Yeyote atakaye mageuzi aweza kuanzia katika sifa hiyo, bila kwenda kuazima maadili ya ugenini.

Dai la tatu: wanawake wanaridhika

Hapa takwimu zaweza kumpoteza msomaji mwenye haraka. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya tano walizotajiwa: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kumwambia, kutowajali watoto, au kumkatalia tendo la ndoa. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40 tu. Je, wanawake wanapenda kupigwa kuliko wanaume wanavyopenda kupiga?

La, hasha. Swali lile linapima kanuni ambayo mtu ameizoea, wala halipimi furaha yake. Mtu anayeishi chini ya kanuni na hana uwezo wa kuibadili hujifunza kuijua kwa undani, kwa kuwa usalama wake unategemea kuijua. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani ulikuta kwamba, kutegemea mahali, kati ya mwanamke mmoja katika watano na wawili katika watatu wa waliopigwa hawakuwa wamepata kumwambia mtu yeyote kabla ya siku ile ya kuulizwa. Ukimya wa namna hiyo ni dalili ya aibu na hofu, na anayeuita ridhaa amekosea.

Tena mila zenyewe zina ushahidi. Miongoni mwa Wakurya upo utaratibu uitwao nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane mwenye mali, humwolea nyumba yake mwanamke kijana ili azae watoto watakaolirithi jina na mali. Sababu kuu ni urithi. Lakini baadhi ya wanawake walioingia humo wameeleza kwamba wanapendelea maisha hayo kwa sababu, pamoja na mengine, hakuna mume wa kuwapiga. Utaratibu huo una hatari zake, hasa pale wanapochukuliwa wasichana wadogo, na haufai kupambwa. Hata hivyo watoshesha kuonyesha kwamba mwanamke anayepewa nafasi ya kuchagua hachagui fimbo.

Sheria yasemaje

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chatamka kwamba, hata kama ipo mila inayosema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au ya mwili. Sheria hiyohiyo yahesabu ukatili kuwa mojawapo ya dalili za ndoa iliyovunjika, na inaweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa katika kata. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Kwa nini basi sheria ya mwaka 1971 haijamaliza jambo hili? Rudi kwenye duara nne. Sheria imo katika duara la nje. Isipoungwa mkono na jirani atakayepiga hodi, na baba atakayempokea bintiye, na shamba ambalo mke aweza kulilima kwa jina lake, hubaki kuwa maandishi.

Je, hali yaweza kubadilika?

Jambo lililotokana na mazingira laweza kubadilika mazingira yakibadilika. Mjini Kampala, Uganda, kati ya mwaka 2007 na 2012, ulijaribiwa mpango uitwao SASA! Mitaa minane iligawanywa kwa bahati nasibu: minne ilipata mpango mapema, minne ikangoja. Wakazi wenyewe walifundishwa kuzungumza na majirani zao, si juu ya makosa ya wanaume, bali juu ya nguvu: nani anayo, na anaitumiaje. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikadiria kwamba ukatili wa mwili katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika mitaa iliyopata mpango. Kwa kuwa mitaa ilikuwa michache, makadirio hayo yana nafasi kubwa ya kupanda au kushuka. Lakini mwelekeo ulikuwa mwema, na watu waliouona ukatili kuwa halali walipungua.

Karibu zaidi na Mara, mjini Mwanza, jaribio liitwalo Maisha liliwashirikisha wanawake waliokuwa katika vikundi vya mikopo midogo. Baadhi ya vikundi vilipewa mafunzo ya vikao kumi juu ya mahusiano ya mume na mke. Vingine vilibaki na mikopo tu. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, waliotendewa ukatili wa mwili au wa kujamiiana katika miezi 12 iliyopita walikuwa asilimia 23 katika vikundi vyenye mafunzo, na asilimia 27 katika vile vingine. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini ilipatikana kwa mazungumzo peke yake.

Wajibu wa shule

Mwalimu anayefundisha somo hili asimlazimishe mwanafunzi kueleza siri za nyumbani mbele ya wenzake. Katika darasa la wanafunzi 40, yaelekea wapo kadhaa waliolala wakimsikia mama akilia. Yafaa wajue mapema mahali pa kwenda: kwa mwalimu mlezi, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, ambako mwenye majeraha hupewa fomu ya PF3 ya kupelekea hospitali. Masanga, wilayani Tarime, na Mugumu, wilayani Serengeti, zimekuwapo nyumba salama ambazo zimewahifadhi hasa wasichana wanaokimbia kukeketwa na kuozwa.

Na ule mzaha? Mwanafunzi aliyelisoma somo hili ana jibu. Aweza kuuliza kwa upole: umepimaje? umelinganisha na nani? Mzaha ule huwaumiza watu wawili kwa mara moja. Humwambia mwanamume wa Tarime kwamba kupiga ndiyo asili yake, na hivyo humwondolea dhamana ya mkono wake. Humwambia mwanamke kwamba kilio chake ni nderemo, na hivyo humwondolea msaada. Sayansi yamrudishia wa kwanza dhamana, na wa pili msaada.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza kwa nini idadi ya kesi zilizofika polisi si kipimo kizuri cha ukatili wa wenzi katika wilaya.

2. "Jambo lisilobadilika haliwezi kueleza jambo linalobadilika." Toa mfano mmoja wa kauli hii kutoka elimu ya viumbe au kilimo.

3. Chora duara nne, na uweke katika kila duara jambo moja ambalo kijiji chenu kingeweza kulibadili katika mwaka mmoja.

4. Katika mfano wa binti na ng'ombe 12, ni mabadiliko gani yangemwezesha baba kumpokea binti yake bila kuiharibu ndoa ya kijana wake?

5. Kwa nini katika jaribio la Kampala mitaa iligawanywa kwa bahati nasibu? Kungekuwa na kosa gani kama mitaa yenyewe ingejichagulia?